Kinyongo na Deni: Tippu Tip na Stanley

Kiswahili kilifika Maniema, ambako ndiko iliko Kampene, katika karne ya 19 pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa pwani. Mashuhuri wao alikuwa Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip. Waingereza husema kuwa mtu unayemchukia hukaa kichwani mwako kama mpangaji asiyelipa kodi. Mswahili husema mtu ameweka kinyongo: hakuna aliyeingia, mwenye moyo ndiye aliyeweka.

Mwaka 1876 Tippu Tip alikubali kumsindikiza Henry Morton Stanley kuufuata mto Lualaba. Katika tawasifu yake, iliyochapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903, analalamika kwamba aliahidiwa zawadi kubwa, akaambulia picha ya Stanley tu. Stanley naye alimshtaki Zanzibar mwaka 1889, akidai pauni 10,000, kwa hoja kwamba hakutimiza mapatano ya mwaka 1887 ya kutoa wapagazi 600. Kesi hiyo haikufika mbali.

Kwa mfanyabiashara, basi, kinyongo kilikuwa deni lililotunzwa. Robo karne ilikuwa imepita, na mamlaka ya Maniema yamekwisha kumtoka, lakini ahadi ile ilikuwa ingali katika hesabu zake. Kila mmoja alijiona mdai. Wenyeji wa Maniema, waliotekwa na kuporwa pembe, nao walikuwa na madai yao. Hayo hayakufikishwa mbele ya mahakama ile.