Ufunguo wa Ofisi ya Direkta



Kila mwanzo wa Septemba, pale Ngezi kama katika mitaa mingine ya Bunia, wazazi hupanga mstari mbele ya ofisi ya shule, karatasi mkononi. Katika shule ya msingi wanamngoja direkta. Katika sekondari wanamngoja prefe. Ndiye atakayesema kama mtoto aliyekimbia mapigano ya Djugu bila buletini yake apokelewe, na katika darasa lipi. Ndiye atakayeamua mwalimu yupi ashike darasa la kwanza, na ndiye atakayemtuliza baba aliyefika na hasira. Mara nyingi mtu huyo jana tu alikuwa mwalimu kama wengine, akishika chaki. Basi napenda tujiulize swali la historia: katika nchi yetu, ni nani aliyemwona mkuu wa shule akifanya kazi ya ukuu kabla ya kumkabidhi ufunguo wa ofisi?

Shule za kwanza za huku kwetu zilikuwa mikononi mwa misioni. Mwaka 1922 Roma iliunda Prefektura ya Kitume ya Ziwa Albert, ambayo mwaka 1959 ilikuja kuwa jimbo la Bunia, na Mapadre Weupe ndio waliokuwa wachungaji wake. Katika miaka hiyo ya 1920 Serikali ya Ubelgiji ilipatana na misioni: misioni zifundishe, Serikali itoe ruzuku na kuweka kanuni. Kanuni za mwaka 1929 ndizo zilizotengeneza sura ya shule ambayo babu zetu waliijua.

Mpango ule ulikuwa na jambo moja la busara. Kijana aliyetaka kuwa mwalimu hakuaminiwa kwa maneno yake tu. Kando ya shule ya ualimu paliwekwa shule ndogo ya mazoezi, yenye watoto wa kweli. Mwanafunzi alisimama mbele yao akafundisha somo la hesabu au la kusoma, naye mkufunzi akaketi nyuma akiandika. Somo lilipokwisha alielezwa, pengine kwa ukali, ni wapi sauti yake ilipotea, ni wapi alimwacha mtoto wa nyuma, kwa nini ubao wake haukusomeka. Hiyo ndiyo staji, na hadi leo kila anayesomea ualimu huijua na kuiogopa.

Lakini kwa ukuu wa shule hapakuwa na staji. Sababu ni rahisi: mkuu wa kweli alikuwa padre wa misioni, na mkaguzi wa karibu naye alikuwa mmisionari. Mwafrika aliyeachiwa shule ya kijijini alichaguliwa kwa sababu padre alimfahamu: alimwona kanisani, aliijua nyumba yake, alisikia watu wakimsema vizuri. Sitaki kukidharau kipimo hicho. Mtu anayekaa nawe miaka 10 hukufahamu kuliko mtihani wa saa mbili. Hata hivyo, kipimo hicho kilitazama utii na mwenendo zaidi ya uwezo wa kuongoza. Yule aliyeuliza maswali mengi, ambaye pengine angekuwa direkta hodari, angeweza kuonekana mtu wa kiburi tu.

Tarehe 30 Juni 1960 ikafika. Wazungu wengi waliondoka, na nafasi zao zilipaswa kujazwa mara moja. Mwaka 1961 ilifunguliwa Taasisi ya Ualimu ya Taifa mjini Léopoldville, ili nchi ipate walimu wake wa sekondari. Vyuo vya juu vya ualimu vilifuata mikoani. Ilikuwa juhudi kubwa, nasi bado tunakula matunda yake. Lakini angalia: haja iliyosikika ilikuwa ya walimu. Kuhusu wakuu, ilidhaniwa kwamba mwalimu mzuri akiongezewa miaka atakuwa mkuu mzuri, kama embe linavyoiva lenyewe mtini. Dhana hiyo haikuandikwa katika sheria yoyote ninayoijua, na labda ndiyo maana ilidumu.

Mwishoni mwa 1974 Serikali ya Mobutu ilizitwaa shule za makanisa. Haukupita muda mrefu, mambo yakaharibika, na tarehe 26 Februari 1977 ulitiwa sahihi mkataba uliorudisha usimamizi wa shule hizo kwa makanisa. Ndio mkataba uliozaa shule tunazoziita za mkataba. Serikali ilibaki na programu, ukaguzi na mishahara. Kanisa, kwa njia ya kordinasio ya shule, likawa na sauti kubwa katika kuwapanga walimu na wakuu. Kwa hiyo anayetafuta ukuu hupita mbele ya macho mawili: mkaguzi anayetoa alama za kazi, na kordinasio inayompendekeza. Macho hayo mawili ni bora kuliko jicho moja. Ila yote mawili humtazama akiwa mwalimu. Ukuu wenyewe huanza siku ile barua inapofika, na ufundi wake hujifunzwa juu ya migongo ya watoto.

Wabelgiji wenyewe, waliotuletea mpango huu, walichelewa kuuona upungufu huo. Katika eneo lao linalosema Kifaransa, amri ya tarehe 2 Februari 2007 iliweka kwamba direkta mpya aanze kama mtu wa staji, kwa miaka miwili. Alipewa barua iliyotaja kazi aliyotazamiwa kuifanya, alifuata mafunzo, alipimwa mwisho wa kila mwaka, na akishindwa aliweza kuachishwa. Huko Marekani jimbo la Massachusetts lilikwenda mbali zaidi. Kuanzia mwaka 2014 hivi, aliyetaka leseni ya ukuu wa shule alitakiwa kuleta kazi nne alizozifanya ndani ya shule wakati wa mazoezi yake: mpango wa kuinua masomo, kazi aliyofanya pamoja na kundi la walimu, namna alivyomtazama mwalimu mmoja akifundisha na kumsaidia, na namna alivyozifikia familia. Wapimaji walisoma kazi zenyewe, na cheti cha chuo peke yake hakikutosha. Uingereza nayo iliufanya mtihani wa wakuu kuwa wa lazima mwaka 2009, ikaulegeza tena mwaka 2012. Hata matajiri husitasita.

Tusidhani kwamba ni mambo ya ng'ambo tu. Bagamoyo, kwenye pwani ya Tanzania, kuna chuo kilichoanzishwa kwa ajili hiyo hasa, kufundisha uongozi wa elimu. Tangu 2001 kinaendeshwa kama wakala wa Serikali na kinajulikana kwa jina la ADEM. Kenya nayo iliunda taasisi ya namna hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nasi katika Kongo tuna vyuo vya juu vya ualimu ambamo usimamizi wa shule husomwa kama fani. Lililo gumu ni kuyaunganisha masomo hayo na ile staji ya zamani: mtu aketi nyuma, atazame, aandike.

Atazame nini? Hapa naomba tusikimbie, kwa kuwa wengi hudhani ukuu ni mamlaka tu. Amtazame mtahiniwa akiingia darasa la mwenzake, kisha akizungumza naye baada ya somo bila kumwaibisha na bila kumdanganya. Amtazame akiandika daftari la fedha, shahada moja kwa kila matumizi, halafu akilifungua mbele ya komite ya wazazi. Tangu elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bure kwa vitendo, Septemba 2019, madarasa yamefurika, na mkuu aliyezoea kutegemea michango ya wazazi amelazimika kujifunza hesabu nyingine. Amtazame pia akipanga ratiba wakati walimu wawili hawapo na watoto 90 wanangoja. Makosa yatatokea, na ni heri yatokee wakati kuna mkuu mzoefu pembeni wa kuyasahihisha.

Kwa Ituri kuna sababu nyingine, nayo ni nzito. Vita vya 1999 hadi 2003 viliugawa mji wetu kwa makabila, mtaa kwa mtaa. Tangu hapo kila uteuzi hutazamwa kwa jicho la shaka: ni wa kwao nani? Palipo na ushuhuda wa mdomo tu, hata uteuzi wa haki hauwezi kujitetea. Palipo na kurasa zilizoandikwa, zenye tarehe, zinazoonyesha mtahiniwa alifanya nini katika shule fulani kwa mwaka mzima, kijana asiye na mjomba ofisini anaweza kuziweka mezani, na mzazi wa kabila lingine anaweza kuzisoma. Najua kwamba hata karatasi huandikwa kwa upendeleo. Ndiyo sababu Massachusetts kazi hizo za mtahiniwa zilipimwa na watu wasio wakufunzi wake, na ndiyo sababu mpimaji wetu asingefaa kuwa yule yule anayepeleka jina.

Gharama ipo. Mkuu mzoefu anayemlea mtahiniwa hutumia saa zake, na walimu wengi wa kwetu bado wanangoja mshahara wao wenyewe. Lakini shule za ualimu za misioni, ambazo hazikuwa tajiri, ziliona inafaa kujenga darasa zima la mazoezi ili mtu ajifunze kufundisha kusoma. Katika vikundi vyenu wamo walio mwaka wa mwisho wa ualimu, wanaokwenda staji kila asubuhi na daftari la maandalio kwapani. Baada ya miaka 15 baadhi yao wataitwa kordinasio kupokea barua. Waulizeni wazee wa parokia walioshika ofisi hizo ni kitu gani wangetamani kukijaribu kabla ya siku ile ya kwanza. Mmoja wao aliniambia, bila kufikiri sana: kikao cha wazazi.