Jina la Nchi Kichwani mwa Gitaa

Mnunuzi wa gitaa la umeme Mpanda, Katavi, hatofautiani na mwenzake wa Kariakoo. Awe ametumwa na kwaya ya kanisa au anaitafutia bendi chombo, kabla hajachomeka waya kwenye amplifaya atakigeuza kichwa cha gitaa asome maandishi madogo: Marekani, Japani, Meksiko, Korea, Indonesia, China. Hukumu hutoka papo hapo. La Marekani ni orijino, la Japani ni imara, la China ni la kujifunzia. Maandishi hayo yanaweza kuwa ya kweli kabisa, ila yanajibu swali ambalo mnunuzi hakuliuliza. Yeye anataka kujua kama shingo imenyooka na kama gitaa litabaki kwenye tyuni hadi mwisho wa ibada. Maandishi yanamweleza kwamba kiwanda fulani kiliagizwa kazi ya bei fulani, katika mwaka ambao sarafu ya nchi ile ilikuwa na nguvu kiasi fulani. Na kwa kuwa sifa ya nchi hutembea polepole kuliko kazi ya mikono, jina linapofika Mpanda mara nyingi ubora uliolizaa umekwisha kuhama, au umekuja ubora mwingine ambao haujapewa heshima yake.

Alama hizi hazikuanzia kwenye muziki. Mwaka 1887 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya alama za bidhaa iliyozitaka bidhaa za kigeni zilizoweza kudhaniwa kuwa za Kiingereza zitaje nchi zilikotoka. Waliolengwa hasa walikuwa Wajerumani, ambao visu vyao vilikuwa vikiuzwa kama vya Sheffield. Sheria ilikusudia kuwaaibisha, lakini ndani ya kizazi kimoja neno Ujerumani likawa sababu ya kununua. Watu wa Karema na Ikola, bandari za Katavi kwenye Ziwa Tanganyika, wameishi na ushahidi wa jambo hilo. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa ndani ya maelfu ya masanduku hadi Kigoma na kushushwa majini 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha 1916. Ikaibuliwa 1924, na 1927 ikarudi kazini chini ya Waingereza. Katika miaka ya 1970 injini zake za mvuke ziliondolewa, zikawekwa za dizeli. Ni rahisi kusema imedumu kwa sababu ni ya Mjerumani. Lakini meli iliyozamishwa, ikaibuliwa na kubadilishwa moyo inadaiwa uhai wake pia na mafundi walioihudumia kwa miongo mingi, ambao majina yao hayakugongwa kwenye chuma chochote.

Gitaa la umeme limepita njia hiyohiyo. Leo Fender alianzisha kampuni yake California mwaka 1946. Telecaster ilipata jina hilo 1951, Stratocaster ikafuata 1954, na katikati yake, 1952, Gibson ilitoa Les Paul kutoka kiwanda chake cha Kalamazoo, Michigan. Sifa ya gitaa la Marekani ilizaliwa katika miaka hiyo michache. Januari 1965 kampuni ya Fender iliuzwa kwa shirika la utangazaji la CBS kwa dola milioni 13. Nchi ilikuwa ileile, jina lilelile, mji uleule wa Fullerton. Lakini magitaa ya miaka ya 1970 yalilalamikiwa kwa uzito, kwa rangi nene na kwa shingo zilizofungwa kwa skrubu 3 badala ya 4. Kama nchi ndiyo inayotia ubora, ubora usingeshuka ilhali nchi haijabadilika.

Wakati huohuo Japani ilikuwa ikidharauliwa. Magitaa yake ya miaka ya 1960 yaliuzwa Marekani kama vitu vya bei poa vya kuwafurahisha vijana. Lakini FujiGen, kiwanda kilichoanzishwa Matsumoto mwaka 1960, kilizidi kujifunza, na nakala zilizouzwa kwa jina la Ibanez zikawa nzuri kiasi kwamba mwaka 1977 Norlin, kampuni iliyomiliki Gibson, ilimshitaki msambazaji wa Ibanez nchini Marekani kwa kuiga umbo la kichwa cha gitaa. Hakuna anayepoteza fedha mahakamani kwa ajili ya mwigaji asiyemnyang'anya wateja. Mwaka 1982 Fender ilifika mbali zaidi: ilianzisha kampuni Japani na kuwapa FujiGen kazi ya kutengeneza magitaa yenye jina lake. Magitaa ya kwanza ya Squier, chapa ya Fender, yaliyotoka huko yalikusudiwa kuwa ya bei nafuu. Leo wakusanyaji wanayasaka.

Hapa ndipo sarafu inapoingia, nami naona ndiyo sehemu ya historia hii inayosahaulika zaidi. Septemba 1985 mataifa matano tajiri yalikubaliana mjini New York kuishusha thamani ya dola. Dola iliyokuwa ikibadilishwa kwa takriban yeni 240 ilishuka hadi karibu nusu yake kufikia 1988. Hakuna fundi wa Matsumoto aliyesahau kazi yake katika miaka hiyo, wala hakuna fundi wa Korea aliyeamka asubuhi akiwa hodari ghafla. Kilichobadilika ni hesabu. Gitaa la bei ya chini halikuweza tena kulipa mshahara wa Mjapani, likahamia Korea, kwa kampuni kama Samick, iliyoanzishwa 1958, na Cort, iliyoanzishwa 1973. Lililobaki Japani kwa wingi ni lile la bei kubwa. Basi jina la Japani likapanda, na sehemu ya kupanda huko ilitokana na kuondokewa na kazi ya hali ya chini. Nchi hupata sifa ya ubora pale inapokuwa haimudu tena kutengeneza vitu duni, na watu huiona sifa hiyo kama tabia ya kuzaliwa ya taifa zima.

Korea nayo ilifuata. Mishahara ilipopanda, Cort ilifungua kiwanda Indonesia katikati ya miaka ya 1990, na kuanzia mwaka 2007 viwanda vyake vya Korea vikafungwa. Wafanyakazi walioachishwa walipigania haki yao hadi Aprili 2019, miaka kumi na miwili ya maandamano na kesi. Katika miaka hiyo hiyo ya madai yao, wapigaji duniani walianza kulisifu gitaa la Korea na kulitilia shaka la Indonesia. Heshima iliwafikia wakati kazi imeshawatoka. Kiwanda hicho cha Indonesia, kilichoko Surabaya, sasa kinatengeneza magitaa ya chapa kadhaa mashuhuri, kila moja kwa masharti yake, na tofauti kati ya yanayotoka chini ya paa hilo moja inaweza kuwa kubwa kuliko tofauti kati ya nchi mbili. China, ambako Gibson ilifungua kiwanda cha Qingdao mwaka 2004 kwa ajili ya magitaa ya Epiphone, iko katika safari hiyohiyo. Na kuhusu China wakazi wa Katavi hawahitaji kufundishwa. Baiskeli ya Phoenix, iliyotoka Shanghai, imebeba magunia ya mkaa, mahindi na madumu ya maji katika magharibi ya Tanzania kwa miaka mingi, na hakuna aliyeiita dhaifu kwa sababu ya nchi yake. Iliagizwa kwa kazi hiyo. Redio inayokufa baada ya mwezi mmoja nayo inaweza kuwa imetoka nchi hiyohiyo, kwa agizo la mfanyabiashara aliyetaka bei hiyo na si nyingine.

Atasimama mwenye hoja aseme: yote haya ni sawa, lakini ukiweka mezani gitaa la kiwanda cha Fender cha Corona, California, na la Surabaya, mara nyingi la kwanza lina freti zilizosuguliwa vizuri zaidi, sumaku zenye sauti safi na funguo zisizolegea. Ni kweli, na asiyekubali anawadanganya wanunuzi. Ila mizani hiyo imeegemea upande mmoja, kwa kuwa magitaa hayo mawili hayakuuzwa kwa bei moja wala hayakupewa saa sawa za kazi. Yakilinganishwa ya bei moja, hoja hudhoofika, maana sehemu ya fedha ya gitaa la California hulipa mshahara na kodi ya pango ya California kabla haijanunua mbao. Gitaa la Meksiko linaonyesha jambo hili vizuri zaidi. Tangu 1987 Fender ina kiwanda Ensenada, mwendo wa saa chache kwa gari kutoka Corona. Mwaka 2017 magitaa mengi ya Ensenada yaliacha ubao wa vidole wa mti wa India wa jamii ya Dalbergia, yakachukua pau ferro ya Amerika Kusini. Wapo waliosoma hapo dalili ya Meksiko kubana matumizi. Sababu ilikuwa nyingine: tangu tarehe 2 Januari mwaka huo, mkataba wa CITES ulitaka kibali kwa biashara ya kimataifa ya miti yote ya Dalbergia ambayo haikuwa tayari kwenye orodha zake, na gitaa la Ensenada lazima livuke mpaka kabla ya kufika dukani Marekani. Lile la Corona likiuzwa nyumbani halivuki kitu. Mpaka na karatasi vilibadilisha mbao. Mkono wa fundi haukuhusika.

Historia ya Afrika yenyewe inatoa shahidi. Gitaa la kwanza la John Lennon, alilopata Liverpool mwaka 1957 kwa kuagiza kwa posta, lilikuwa Gallotone Champion, gitaa la kawaida la bei nafuu lililotengenezwa Afrika Kusini. Halikuwa la umeme, na hakuna aliyelihesabu kuwa chombo cha fahari. Lakini mwaka 1999 liliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni 100,000. Jina la nchi halikuongeza hata senti katika bei hiyo. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Jean-Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na Hugh Tracey kule Katanga mwaka 1952, aliimba kwa Kiswahili na kulipiga gitaa kwa namna iliyowafanya wapigaji wa Kenya na Tanganyika waanze upya kujifunza vidole vyao. Sifa iliyovuka ziwa ilikuwa ya vidole.

Muziki wa dansi wa Tanzania unathibitisha hilo kwa uzito zaidi. Tangu NUTA Jazz ilipoundwa 1964, bendi nyingi zilikuwa za vyama na mashirika, na vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Mwanamuziki akihama aliacha gitaa nyuma. Mpaka wa Kenya ulifungwa 1977, vita vya Uganda vikafuata, na fedha za kigeni zikawa haba kiasi kwamba kuagiza amplifaya au seti ya nyuzi lilikuwa jambo la kuombea. Hali ilianza kulegea mwaka 1984, pale serikali iliporuhusu wenye fedha zao nje waingize bidhaa. Ni ndani ya ukame huo ambapo Mlimani Park, iliyoanza 1978, ilijenga sauti ya magitaa ambayo mpaka leo ni kipimo cha dansi, kwa vyombo vilivyopatikana na kutunzwa. Msikilizaji wa rekodi za Redio Tanzania za miaka ile anaweza kumtambua mpiga solo kwa sekunde chache. Nchi ya gitaa hawezi kuitambua kamwe.

Pingamizi la mwisho ni la soko: jina la nchi hulinda fedha, kwani gitaa la Marekani huuzika tena kwa bei nzuri. Sina ubishi nalo, isipokuwa kwamba hapo tunazungumzia hazina ya muuzaji. Kwaya ya Mpanda hainunui gitaa ili iliuze. Inalinunua lipigwe Jumapili kwa miaka kumi. Na maandishi ni sehemu rahisi kuliko zote kughushi. Kisichoghushika ni namna gitaa linavyostahimili hewa ya Katavi, ambako mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili na baada ya hapo hufuata miezi ya ukavu mkali. Mbao husinyaa, ncha za freti hutokeza na kukwaruza kiganja, shingo hujipinda na kudai fimbo yake ya chuma ikazwe au ilegezwe. Gitaa la bei nafuu lililo mikononi mwa fundi anayejua kazi hiyo litaimba vizuri kuliko la Corona lililoachwa lijipinde kwenye kabati la vyombo.

Kuna neno moja zaidi ambalo kichwa cha gitaa hakilisemi, nalo linaigusa Katavi moja kwa moja. Kinataja mahali mkono wa mwisho ulipogusa. Mahali mti ulipoota hakitaji. Mpingo wa Tanzania umeingia kwenye klarineti na zumari za Ulaya kwa zaidi ya karne moja, na kwenye mbao za vidole za baadhi ya magitaa, vyote vikitoka viwandani kwa jina la nchi nyingine. Misitu ya miombo inayoizunguka Mpanda ina mninga na mkurungu, ndugu wa miti inayopendwa na watengenezaji wa magitaa kwa rangi na mlio wake, nayo imekatwa kwa miaka mingi na kuondoka bila jina. Mkurungu uliingizwa kwenye orodha ya pili ya CITES mwaka 2019, na mwaka 2022 mkutano wa Panama uliongeza jamii yote ya Pterocarpus ya Afrika, mninga ukiwemo. Sasa gogo au ubao wa mninga unaovuka mpaka kihalali lazima uwe na kibali kinachotaja nchi ulikokatwa. Tangu Novemba 2019, gitaa lililokwisha kutengenezwa kwa mti wa Dalbergia, jamii ya mpingo, linavuka mipaka mingi bila kibali cha namna hiyo. Ubao unaondoka na karatasi yenye neno Tanzania, karatasi hiyo inabaki kwenye faili la kiwanda, na gitaa linaendelea na safari likiwa na jina jingine kichwani.