Herufi Isiyokuwamo Sandukuni: Chapa na Maandishi katika Ukingo wa Ziwa Victoria

Mpiga chapa wa zamani alikuwa na sanduku la mbao lililogawanywa vijumba vingi, na kila herufi ilikuwa na kijumba chake. Alipofikia sauti ambayo herufi yake haikuwamo sandukuni, alikuwa na njia tatu tu. Aliweza kuacha nafasi tupu. Aliweza kuazima kutoka sanduku jingine herufi iliyofanana na ile aliyoitaka. Au aliweza kuiandika sauti ile kwa herufi mbili tatu alizokuwa nazo. Herufi za risasi zimekwisha kuwekwa kando karibu kila mahali, lakini njia hizo tatu hazikufa pamoja nazo. Programu za kompyuta zinazochora maandishi chini ya picha za filamu huzifuata zote hadi leo, na mara nyingi huchagua bila ya kumwuliza mtu yeyote. Historia ya maandishi katika nchi zinazouzunguka ukingo wa Ziwa Victoria, hasa upande wa Mwanza, yaonyesha kwamba uchaguzi huo haukuwa kamwe jambo la fundi peke yake. Kila mara lugha fulani ilipata hasara au faida kwa uchaguzi huo.

Miongoni mwa wapiga chapa wa kwanza kandokando ya ziwa alikuwa Alexander Mackay, mhandisi Mskoti wa Church Missionary Society, aliyefika Buganda mwaka 1878. Huko Natete alichonga herufi za mbao kwa mikono yake, akachapa karatasi za kujifunzia kusoma. Mwaka 1887 alifukuzwa Buganda, akavuka ziwa na kukaa Usambiro, upande wa kusini, na huko akaendelea na kazi ya kutafsiri na kuchapa mpaka alipofariki tarehe 8 Februari 1890. Yafaa itazamwe hali yake kwa makini. Kwa mtu achongaye herufi zake mwenyewe, kukosekana kwa herufi ni suala la kisu na kipande cha mbao. Shida ilianza pale herufi zilipokuwa bidhaa: zikatengenezwa Ulaya kwa ajili ya lugha za Ulaya, zikauzwa kwa uzito, na mnunuzi wa Afrika akawa hana budi kuandika kwa zile alizouziwa.

Sauti iliyoleta taabu kubwa kuliko zote ilikuwa ile ya mwanzo wa neno *ng'ombe*. Richard Lepsius, katika alfabeti yake ya mwaka 1855 aliyoikusudia kwa lugha zote za dunia, aliiandika kwa n yenye nukta juu. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 na kutoa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870, alishika njia ya tatu ya mpiga chapa: aliandika n na g, akaongeza ritifaa, yaani ile alama ndogo ya juu iliyokuwamo katika kila sanduku la herufi za Kiingereza. Njia hiyo haikugharimu kitu, nayo ilitosha. Msomaji wa Kiswahili ajua kwamba *ngoa* ni tamaa au wivu, na *ng'oa* ni kutoa kitu pamoja na mizizi yake. Tofauti yote hiyo imebebwa na alama moja ndogo ambayo kwa Waingereza si herufi hata kidogo.

Mwaka 1926 ilianzishwa huko London taasisi ya kimataifa ya lugha na tamaduni za Kiafrika, na mwaka uliofuata ilitoa kijitabu cha tahajia, kilichorudiwa kwa masahihisho mwaka 1930. Wataalamu wake, ambao Diedrich Westermann alikuwa mmoja wa wakuu wao, walishauri kwamba sauti ngeni zipewe herufi mpya kamili badala ya nukta na vistari vya juu na chini. Hoja yao ilikuwa ya mkono na ya macho pia: alama ndogo husahauliwa na mwandishi, hukatika katika chapa, na kumchosha msomaji. Hivyo ŋ ikapendekezwa kwa Afrika nzima. Lakini herufi mpya moja si kitu kimoja kwa mpiga chapa. Lazima inunuliwe kubwa na ndogo, wima na ya mlazo, nyembamba na nene, na katika kila kipimo. Mashine ya taipu nayo ina idadi maalumu ya vibonye, na kuingiza herufi moja ni kutoa nyingine.

Kamati ya Kiswahili ya nchi za Afrika ya Mashariki, iliyoanza kazi tarehe 1 Januari 1930, ilikuta Kiswahili kimekwisha kuwa na vitabu vingi vyenye *ng'*, na tahajia hiyo ikabaki. Kamusi ya mwaka 1939, iliyosimamiwa na Frederick Johnson, imeifuata. Ng'ambo ya ziwa mambo yalikwenda vingine. Tahajia ya Kiganda iliyokubaliwa mwaka 1947 iliiweka ŋ kuwa herufi halali. Kwa hiyo watu wa ukingo mmoja wa maji na watu wa ukingo wa pili, wenye sauti ile ile vinywani mwao, walianza kuiandika kwa njia mbili. Hata hivyo Mganda aliyekaa mbele ya taipu isiyokuwa na ŋ aliandika *ng'* kama jirani yake wa Mwanza, na msomaji alimwelewa. Hapa pana fundisho la kwanza: herufi badala yaweza kufaa, mradi waandishi na wasomaji wamekwisha kuafikiana juu yake kabla ya haja kutokea.

Hasara huonekana pale ambapo badala hufanywa bila ya maafikiano. Kisukuma, lugha ya watu wengi kuliko wote katika nchi ya Mwanza, hutumia *ng'w* mahali pengi ambapo Kiswahili husema *mw*. Mwana ni *ng'wana*, na mji wenyewe wa Mwanza huitwa na Wasukuma Ng'wanza. Kina pia sauti za puani zisizo na mghuno, ambazo huandikwa *mh*, *nh* na *ng'h*. Makarani waliozoea Kiswahili waliziandika sauti hizo kwa zile za karibu walizokuwa nazo. Ng'wanamalundi, mganga na mtenda maajabu mashuhuri wa Usukuma, amejulikana nchini kote kwa jina la Mwanamalundi. Na Ng'hungumalwa, katika wilaya ya Kwimba, ikawa Hungumalwa. Badala hizo hazikufanywa kwa nia mbaya. Lakini msomaji wa kizazi cha baadaye, akikuta jina limeandikwa kwa sauti ya Kiswahili, hana alama yoyote ya kumwambia kwamba kuna sauti iliyoondolewa. Nafasi tupu ingalimwambia. Badala laini haimwambii.

Katika irabu hasara ni kubwa zaidi. Kisukuma kina irabu saba, na herufi za irabu katika sanduku la Kilatini ni tano. Kikuria, kisemwacho Tarime na kuvuka mpaka hadi Kenya, kadhalika kina irabu saba. Kwa lugha ya Kikuyu, ambayo ina shida hiyo hiyo, kulitumiwa i na u zenye kiwimbi juu, yaani ĩ na ũ, na mtindo huo ukajaribiwa kwa Kisukuma pia. Waandishi wengine waliandika ɨ na ʉ, zilizopigiwa mstari katikati. Wengi hawakuandika tofauti yoyote, wakamwachia msomaji aijue maana kwa mfuatano wa maneno. Mzawa wa lugha huweza kufanya hivyo. Mgeni, na mtoto anayeanza kusoma, hawawezi.

Si kila ukosefu ulikuwa ukosefu wa herufi. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945 hadithi yake kubwa ya Myombekere na Bugonoka, aliyoiandika kwa Kikerewe. Kikerewe kina irabu tano, na herufi za kukichapia zilikuwako. Kilichokosekana kilikuwa mchapishaji wa kukubali kitabu kirefu katika lugha ya kisiwa kimoja. Kitereza mwenyewe akakifasiri kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikakitoa kwa Kiswahili mwaka 1980, miaka 35 baada ya kuandikwa. Mtungaji alifariki mwaka 1981. Hapa lugha nzima imewekewa badala. Lakini mtungaji alikuwa ndiye mfasiri, alijua anachokiacha na anachokichukua, na badala yake ikawa kitabu chenye heshima yake. Fundisho la pili ni hilo: badala njema hufanywa na mtu aijuaye ile ya asili.

Kompyuta ilipokuja, ilianza kwa sanduku dogo kuliko la risasi. Orodha ya herufi iliyotangazwa mwaka 1987 kwa lugha za Ulaya ya Magharibi, ISO 8859-1, haikuwa na ŋ. Wataalamu waliokutana Niamey mwaka 1978 chini ya UNESCO walikuwa wamependekeza alfabeti ya Afrika, na mwaka 1983 ikatoka orodha ya kimataifa ya herufi za Kiafrika, lakini ilitumiwa kidogo sana. ŋ iliingia katika orodha ya mwaka 1988, ISO 8859-4, kwa ajili ya Wasami wa kaskazini ya Skandinavia. Mwaka 1991 ilianza orodha moja ya dunia nzima iitwayo Unicode, na ŋ ilikuwamo. Herufi ndogo ʉ nayo ilikuwamo tangu zamani, kwa sababu wanafonetiki huitumia. Lakini wanafonetiki hawahitaji herufi kubwa, na Ʉ kubwa haikupata nafasi yake mpaka mwaka 2006. Kabla ya hapo, aliyetumia tahajia hiyo aliweza kuiandika irabu yake katikati ya sentensi, wala hakuweza kuiandika mwanzoni kwa namna iliyotambuliwa na kompyuta zote.

Hata hivyo kuwamo katika orodha si kuwamo katika fonti. Orodha huipa herufi namba. Fonti ndiyo huipa umbo. Programu ichorayo maandishi ya filamu, mathalani ile iitwayo libass, hupewa na faili la maandishi jina la fonti moja. Ikiwa fonti hiyo haina herufi inayotakiwa, programu huuliza mfumo wa kompyuta fonti nyingine iliyo nayo, na kuichukua herufi hiyo moja kutoka huko. Isipopatikana, hutokea kisanduku kitupu. Njia tatu za mpiga chapa zimerudi zote, tofauti ikiwa kwamba sasa uamuzi hufanyika katika sehemu ndogo ya sekunde, na maandishi yenyewe hukaa machoni kwa sekunde chache kabla ya kutoweka. Msomaji wa kitabu aweza kurudi nyuma. Mtazamaji wa filamu hawezi kwa urahisi.

Makosa yatokeayo ni ya namna tatu. La kwanza ni la neno lenye mikono miwili: herufi sita ni nyembamba, na ŋ iliyoazimwa ni nene na pana, hata jicho likasita. La pili ni la alama za tuni. Kisukuma ni lugha ya tuni, na mtaalamu akiandika ɨ yenye alama juu, huenda programu ikaichukua irabu kutoka fonti moja na alama kutoka fonti nyingine. Alama huangukia kando au juu ya herufi jirani. La tatu ni la Ŋ kubwa, ambayo ina maumbo mawili chini ya namba moja. Wasami hupendelea N kubwa yenye mkia. Katika lugha za Afrika hupendelewa umbo la n ndogo iliyokuzwa. Fonti iliyoazimwa bila ya kujua lugha huweza kumpa Mganda herufi ya Msami. Na ritifaa nayo haikusalimika: kompyuta huihesabu kuwa alama ya kituo, na huweza kuipinda ikawa ya kufunga maneno ya msemaji.

Tiba ya makosa hayo hufuata mafundisho ya historia iliyotajwa. Kwanza, uchaguzi ufanywe kwa neno zima, wala si kwa herufi moja moja: ikiwa fonti ya kwanza haina herufi moja ya neno, afadhali neno lote, au mstari wote, uchorwe kwa fonti iliyo nazo zote. Irabu na alama yake zisitenganishwe kamwe. Pili, faili litaje lugha yake, ili maumbo ya herufi yachaguliwe kwa lugha hiyo. Tatu, fonti badala zipangwe kwa unene na upana ulio karibu na wa fonti ya kwanza. Nne, mwenye kutengeneza maandishi afungashe fonti yake pamoja na filamu, jambo ambalo mafaili ya aina ya Matroska huliruhusu. Huyo huwa amefanya alichofanya Mackay: amesafiri na herufi zake mwenyewe.

Mwisho, badala yoyote ile iwe yaweza kutambuliwa. Kisanduku kitupu huudhi, lakini husema kweli kwamba pana kitu kisichoonekana, na mwenye lugha aweza kudai haki yake. Programu ambayo, kwa kutaka mistari safi, ingeibadilisha ʉ kuwa u bila ya kusema, ingerudia kazi ya karani aliyeandika Hungumalwa. Wasomi wa lugha, ambao ndio huamua tahajia, hawana budi kukaa pamoja na mafundi ambao huamua fonti. Kwani tahajia iliyokubaliwa mezani, isipokuwamo katika sanduku la mpiga chapa, haimfikii msomaji, na watoto wa Ng'wanza watayasoma majina ya babu zao kwa sauti ambazo babu zao hawakuzitamka.