Ndege za Vita za Zamani na Mlima Meru

Mtu akaaye Arusha huzoea ngurumo za ndege. Nyingi huondoka Kisongo zikiwachukua wageni kwenda Serengeti, na nyingine kubwa zaidi hushuka katika kiwanja cha Kilimanjaro kilichofunguliwa mwaka 1971. Watoto hawainui tena macho kuzitazama. Hata hivyo wako watu, wakubwa kwa wadogo, ambao husimama kila wasikiapo sauti wasiyoizoea, wakauliza: Ile ni ndege gani, na yatoka wapi? Katika maongezi haya twataka kueleza habari za ndege za vita za zamani, jinsi zilivyotambulikana, na jinsi milima yetu miwili ilivyozitawala.

Zamani swali hilo halikuwa la kupitisha wakati. Mwezi wa Machi mwaka 1916 jeshi la Waingereza, chini ya Jemadari Smuts, lilishambulia nchi ya Wadachi kwa njia ya Kilimanjaro. Sehemu moja ya jeshi ilitoka Longido, ikashuka katika uwanda ulioko kati ya Meru na Kilimanjaro, ikaelekea Moshi. Nyingine ilipita upande wa Taveta. Kabla mwezi haujaisha, mji wa Arusha ulikuwa umekwisha kutwaliwa. Pamoja na jeshi hilo walikuja marubani wa Kikosi cha 26, wengi wao watu wa Afrika ya Kusini, wakaweka kituo chao Mbuyuni, mashariki ya Taveta. Kikosi hicho kilijiita mlinzi wa angani.

Wadachi hawakuwa na ndege ya kujibu. Moja ililetwa Dar es Salaam mwaka 1914 kwa ajili ya maonyesho, lakini iliharibika mapema vitani. Kwa hiyo askari wa Wadachi aliyesikia mlio juu yake hakuwa na haja ya kuuliza ni ya nani. Alijua ni ya adui, na kazi yake ilikuwa kuingia chini ya mti upesi.

Jemadari wa Wadachi, Lettow-Vorbeck, ameandika jinsi wenyeji walivyosema kwanza kwamba chombo hicho ni Mungu wa namna mpya. Lakini moja ilipopigwa ikaanguka na kuvunjika vipande vipande, wakasema kumbe ni kitu cha Ulaya tu. Sisi twaona hukumu hiyo ilikuwa ya watu wenye akili: walingoja ushahidi, wakaupata, wakasema walichokiona. Baadaye watu wengine waliita chombo hicho eropleni, lakini jina lililoshinda ni la ndege. Lugha nayo ikatia alama yake, kwani ndege wa porini anaruka, bali ndege ya chuma inaruka.

Kusema kweli, mwaka ule ndege zenyewe hazikuwa za chuma sana. Iliyotumiwa zaidi, iitwayo BE2c, ilikuwa ya mbao na kitambaa, yenye mabawa mawili, moja juu ya jingine, yaliyofungwa kwa nguzo na waya. Mtambo ulikuwa mbele, wenye nguvu ya farasi 90 tu, na mwendo wake ulikuwa kama maili 70 kwa saa. Mtazamaji alikaa mbele na rubani nyuma, na zile nguzo na waya zikamzuia mtazamaji kupiga bunduki apendavyo. Namna ya pili, iitwayo Henri Farman, haikuwa na shida kuitambua: mtambo na rafadha, yaani lile panga lizungukalo, vilikuwa nyuma ya rubani, na mkia ulishikwa na vyuma vyembamba kama jukwaa la fundi mwashi. Umbo lake lilijengwa kwa mabomba ya chuma, maana mbao hupinda kwa jua la Afrika.

Sasa fikirini Meru, wenye karibu futi 15,000, na Kilimanjaro, wenye zaidi ya futi 19,000. BE2c ilipanda kwa taabu mpaka kama futi 10,000. Tena hewa ya mchana wa joto ni nyepesi. Mabawa hayapati mahali pa kuegemea, na mtambo nao hupungukiwa na pumzi. Rubani hakuweza kupita juu ya mlima; alizunguka kando yake, chini ya vilele, kama apitavyo mwenye punda. Na alipotazama chini aliona nini? Aliona pori. Mabomu yalitupwa, ni kweli, na habari zikaletwa, lakini kikosi kizima cha askari na wapagazi kiliweza kujificha chini ya migunga asikione. Kwa maoni yetu, aliyekuwa chini akitazama juu alimwona mwenzake vizuri zaidi kuliko alivyoonwa.

Mambo yaligeuka upesi. Tarehe 8 Januari 1930 rubani wa Uswisi, Walter Mittelholzer, alipita juu ya Kilimanjaro kwa ndege ya Fokker yenye mitambo mitatu, akapiga picha za kilele.

Katika vita ya pili elimu ya kutambua ndege ikawa kazi ya serikali. Huko Uingereza raia walifundishwa kwa picha nyeusi za vivuli: idadi ya mitambo, umbo la bawa, umbo la mkia. Njia hiyo yafaa hata leo. Ndege ya vita ile iliyojulikana zaidi kwetu ni Dakota. Mabawa yake yako chini ya kiwiliwili, ina mitambo miwili ya duara, na ikiwa chini huinua pua, kwa sababu gurudumu dogo liko mkiani. Kila mtambo una silinda 14 zilizopangwa kuzunguka kama spoki za baisikeli, ndiyo maana mngurumo wake ni mzito. Zilijengwa zaidi ya 10,000, na baada ya vita nyingi zikauzwa kuchukua abiria. Lakini mlima haukuisha nguvu. Tarehe 18 Mei 1955 Dakota ya East African Airways, iliyojengwa kwanza kwa ajili ya jeshi, ilitoka Dar es Salaam kwenda Nairobi ikagonga Kilimanjaro. Watu 20 waliokuwamo wakafa wote.

Mwaka 2016, miaka mia kamili baada ya Kikosi cha 26, ndege za mabawa mawili zilionekana tena pande hizi. Msafara wa ndege za kale ulitoka kisiwa cha Krete kwenda Cape Town, ukapita karibu na Kilimanjaro ukielekea Unguja. Miongoni mwake zilikuwamo Tiger Moth na Stearman, zilizofundishia marubani wa Uingereza na Marekani katika vita ya pili. Atakaye kuzitofautisha na atazame pua: ya Stearman ni ya duara, silinda zikionekana wazi, ya Tiger Moth ni nyembamba, silinda nne zikiwa zimepangwa mstari mmoja. Nazo zilipita kando ya mlima, wala si juu yake.