Anakia na Mtihani wa Dola: Kutoka The Hague hadi Barcelona

Neno anakia lina asili ya Kigiriki, na maana yake ni hali ya kutokuwa na mtawala. Katika matumizi ya kawaida limefanywa kisawe cha ghasia. Pierre-Joseph Proudhon, aliyejiita mfuasi wa anakia katika kitabu chake kuhusu mali cha mwaka 1840, alidai kinyume: kwamba utaratibu wa kweli huchipuka pale watu wanapopatana kwa hiari, bila kushurutishwa na dola.

Mgogoro wa msingi ulijitokeza katika Jumuiya ya Kimataifa ya Wafanyakazi. Karl Marx alishikilia kuwa wafanyakazi hawana budi kuitwaa dola ili kuukomesha mfumo wa matabaka. Mikhail Bakunin alipinga, kwa hoja kwamba mfanyakazi atakayeshika dola atakuwa mtawala na kuacha kuwa mfanyakazi. Bakunin alifukuzwa katika mkutano wa The Hague, Septemba 1872.

Hoja hiyo ilipata mtihani wake mkali nchini Uhispania. Julai 1936, wafuasi wa CNT, shirikisho la vyama vya wafanyakazi lililoundwa mwaka 1910, walishiriki kuuzima uasi wa wanajeshi mjini Barcelona, kisha wakaendesha viwanda na tramu wao wenyewe. Hata hivyo, vita dhidi ya Franco vilihitaji silaha na fedha, na hazina ilikuwa mikononi mwa serikali. Novemba mwaka huohuo viongozi 4 wa harakati hiyo, akiwemo Federica Montseny, waliingia katika baraza la mawaziri. Mei 1937 polisi walipolivamia jengo la simu lililoshikiliwa na CNT mjini Barcelona, mapigano yakazuka, na Montseny alikuwa miongoni mwa waliowasihi wafanyakazi redioni waweke silaha chini.

George Orwell, ambaye wasomaji wa Kiswahili wanamfahamu kupitia Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967, alikuwa mjini humo siku hizo. Kuisoma riwaya hiyo kama kejeli dhidi ya Stalin pekee ni kuipunguzia uzito. Swali lake ni lile la Bakunin: je, anayeirithi nyumba ya bwana anaweza kuepuka kuwa bwana? Barcelona ilithibitisha uzito wa swali hilo kupitia wafuasi wa Bakunin wenyewe. Walilijua jibu kinadharia. Vita havikuwapa njia ya kulitekeleza.