Mbiu Ndani ya Damu

Mtu alapo chakula hana habari ya yatendekayo chini ya koo lake. Chakula hukaa tumboni, kikachanganyika na tindikali kali. Kisha hupita kidogo kidogo kuingia utumbo mwembamba, usioweza kuuvumilia ukali huo kwa muda mrefu. Papo hapo kongosho, iliyolala nyuma ya tumbo, humimina maji yenye chumvi ya namna ya magadi, na ukali hukatika. Ni nani aliyeipasha kongosho habari?

Mwishoni mwa karne ya 19 jibu lilikuwa tayari, tena lilitoka kwa bingwa. Ivan Pavlov wa St. Petersburg, Urusi, alichunguza usagaji wa chakula kuliko wengi wa zama zake, hata akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904. Yeye alishika kwamba habari zote hizo huchukuliwa na mishipa ya fahamu. Wenzake waliridhika, wala si ajabu: aonaye nyaya za simu zimetandazwa mji mzima haulizi habari hufikaje.

Tarehe 16 Januari 1902, katika University College London, William Bayliss na Ernest Starling waliuliza. Walikuwa mashemeji, kwani Bayliss alimwoa dada yake Starling. Walimlaza mbwa kwa dawa ya usingizi, wakatenga kipande cha utumbo wake mwembamba, wakaikata mishipa ya fahamu iliyokiendea, wakabakiza ya damu tu. Wakatia tindikali ndani ya kipande hicho. Lau habari ingalipita katika mishipa ya fahamu peke yake, kongosho ingalinyamaza. Haikunyamaza.

Starling alifahamu mara moja. Alikwangua utando wa ndani wa utumbo, akausaga kwa mchanga na tindikali, akauchuja, na maji yake yakatiwa katika mshipa wa damu wa shingoni. Punde kongosho ikatiririka kuliko kwanza. Tindikali pekee ikitiwa katika damu haifanyi hivyo. Basi kitu kile kilitoka katika utando wenyewe. Wakakiita sekretini. Mwaka 1905 Starling alilipa kundi zima la vitu vya namna hiyo jina la homoni, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kuamsha.

Mshipa wa fahamu ni waya utokao nyumba hii kwenda ile. Homoni ni mpiga mbiu: hupita kila mtaa, kila mtu huisikia sauti, lakini hutoka yule aitwaye. Sekretini hufika mguuni na moyoni pia, ila huitikiwa na viungo vyenye sikio la kuisikia. Lililo bora zaidi ni kwamba mbiu hii hujizima. Maji ya kongosho yakishaukata ukali, utumbo hauna tena sababu ya kutoa sekretini. Claude Bernard wa Ufaransa alikuwa amekwisha fundisha kwamba uhai hutegemea maji ya ndani ya mwili kukaa katika hali moja. Hapa ilionekana njia mojawapo ya kuyatunza. Mwaka 1926 Walter Cannon, Mmarekani, aliipa hali hiyo jina la homeostasisi.

Elimu hii ilikuwa na gharama yake, na haifai kufichwa. Mwaka 1903 Bayliss alilaumiwa hadharani kwamba alimpasua mbwa mwingine mbele ya wanafunzi bila kumlaza usingizi wa kutosha. Alikwenda mahakamani, akashinda, akalipwa pauni 2,000. Hata hivyo mwaka 1906 mbwa yule alijengewa sanamu huko Battersea, London. Wanafunzi wa udaktari wakafanya ghasia, polisi wakailinda, na mwaka 1910 ikaondolewa usiku. Hukumu ilimsafisha Bayliss. Swali la haki ya mnyama haikuligusa.

Na Pavlov? Hakukosea kabisa, kwa maana mishipa ya fahamu nayo huiamrisha kongosho. Lakini mwanafunzi wake mmoja amesimulia kwamba alimwagiza msaidizi alirudie jaribio la London. Akalitazama kimya mpaka mwisho, akaingia chumbani mwake. Baada ya kama nusu saa akatoka, akasema kwamba wale wa London wamesema kweli.