Kupendezesha nyumba ku Majengo: mwangaza, rangi na maua ndani ya nyumba ya mbao

Majengo ni jina yenye kuwa fasi mingi kwa Waswahili. Kuko Majengo ku Nairobi, kuko ku Mombasa, kuko ku Moshi, na sisi tuko na yetu ndani ya komine Karisimbi, muji wa Goma. Jina yenyewe inasema tu manyumba zenye kujengwa. Lakini kwetu, kujenga nyumba ni kitu kimoja, na nyumba kudumu ni kitu kingine. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, moto ya Nyiragongo ilipita katikati ya muji mupaka ndani ya ziwa Kivu. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 ilishuka tena, ikasimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Siku tano kiisha, Majengo ilikuwa kati ya kartiye kumi zenye ziliombwa kuhama haraka. Na mwanzo wa 2025, vita ikaingia muji.

Njo maana kuko watu wenye kuuliza: juu ya nini kupoteza franka kwa rangi na maua ndani ya nyumba yenye naweza kuacha kesho? Ulizo hilo ni la haki, na tutalirudilia mwishoni. Kwa sasa tuseme tu hivi: hata nyumba ya kupanga, hata ya mbao, mutu analala ndani yake usiku zote, na watoto wanasomea ndani yake. Mambo tunayoeleza hapa inasaidia nyumba iwe nzuri kwa macho, na tena iwe na mwangaza, na isilete hatari.

Nyumba ya mbao iko namna gani

Manyumba mingi za Majengo ziko za mbao na manjanja, juu ya mawe nyeusi ya volkano. Kuko sababu. Kuchimba musingi ndani ya jiwe hii ni kazi kubwa na inakula pesa. Mbao ni nyepesi, na wakati udongo unatetemeka inayumba bila kupasuka sawa ukuta wa matofali. Tena nyumba ya mbao inaweza kufunguliwa musumari kwa musumari na kuhamishwa parseli ingine.

Lakini iko na shida zake. Mbao mbichi inakauka, inaacha matundu, upepo na mavumbi nyeusi vinaingia. Mbao yenye haijapigwa randa inakunywa rangi sana. Madirisha mara mingi ni madogo juu ya wezi na baridi, basi ndani kunakuwa giza hata saa sita ya muchana. Na inje, jiwe nyeusi na udongo nyeusi havirudishe mwangaza. Mutu anayetaka kupendezesha nyumba ya Goma aanzie pale: shida ya kwanza ni giza.

Mwangaza mbele ya rangi

Mbele ya kununua rangi, simama katikati ya salo saa nne ya asubui, mulango wazi, na uangalie mwangaza inafika wapi. Pale ambapo haifike, rangi nyeusi itaongeza tu giza. Kuko njia tatu za bei ndogo.

Ya kwanza, kubadilisha jani moja la manjanja kwa lile lenye kupitisha mwangaza. Jani moja tu linatosha kwa chumba. Ukiweka mawili ao matatu, jua ya saa sita itafanya ndani kuwa sawa furu.

Ya pili, kioo. Kioo chenye kutundikwa mbele ya dirisha, ku ukuta wa ngambo, kinarudisha mwangaza ndani ya chumba. Kikiwekwa kando ya dirisha, ku ukuta ule ule, hakisaidie kitu.

Ya tatu, kupaka plafo nyeupe, kama kuko plafo ya tripleksi. Watu wanafikiria kuta wanasahau juu, na ni kule mwangaza inagonga mbele ya kushuka.

Mawazo hii si ya leo. Ndani ya manyumba ya mawe ya zamani za Lamu, kule pwani ya Kenya, vyumba vilikuwa virefu na vyembamba, mwangaza ikiingia upande wa kiwanja tu. Mafundi walipaka kuta chokaa nyeupe, na ku ukuta wa ndani wakachonga zidaka, ni kusema vishimo vidogo vya kupangia sahani za Uchina na vitu vingine vya kupendeza. Weupe ule ulikuwa kazi ya taa.

Rangi: gani, ngapi, fasi gani

Kwa kuta za salo na za chumba cha kulala, rangi za mwangaza njo zinafaa: nyeupe yenye kuchanganyika na manjano kidogo, rangi ya maziwa, kijani ya mbali, bluu ya mbali. Nyeupe kabisa inaonyesha mavumbi haraka. Mafundi wetu wengi wanapaka rangi mbili: metre moja ya chini rangi ya nguvu (kahawia, kijivu, kijani ya majani), na juu yake rangi ya mwangaza. Njia ile ni ya akili. Chini njo mikono ya watoto, viti na maji ya kupangusa vinagusa.

Ukitaka rangi ya moto sawa nyekundu ao machungwa, weka ku ukuta moja tu, ule wenye mutu anaona wa kwanza akiingia. Kuta nne nyekundu ndani ya salo ndogo zinasukuma watu karibu.

Rangi ngapi? Hesabu ni nyepesi. Chukua chumba cha metre 3 kwa 4, na urefu wa metre 2,5. Kuta zote pamoja ni metre 14 za kuzunguka, mara 2,5: metre karé 35. Ondoa mulango na dirisha, karibu metre karé 3: inabakia 32. Kupaka mara mbili ni 64. Ku ukuta laini, litre moja inafunika karibu metre karé 10. Basi litre 6 ao 7 zinatosha. Ku mbao yenye haina randa, ongeza mupaka 9 ao 10, ao upake kwanza rangi ya musingi. Mutu akikuambia litre 3 zitaenea, jua atatia maji mingi, na kiisha mwaka moja utaanza tena.

Chokaa ni ya bei ndogo na inakamata muzuri ku mawe na simenti. Ku mbao inabanduka. Wakati wa kuichanganya, linda macho: inaunguza.

Kuko jambo moja la afya. Rangi za mafuta zingine ziko na risasi ndani, ile Wafaransa wanaita «plomb». Watoto wanaweza kula vipande vyenye kubanduka ao mavumbi yake, na inaharibu akili yao bila kuonekana. Ku mukebe tafuta maneno «sans plomb». Kama unakwangua rangi ya zamani, toa watoto inje, lowesha ukuta kwanza, na pangusa kwa kitambaa yenye maji. Usifagie ikiwa kavu.

Vitambaa na vitu vya ukuta

Kwa mutu wa pesa kidogo, kitambaa kinabadilisha nyumba kuliko rangi. Rido moja ya kitenge yenye kugawa salo na fasi ya kulala, kitambaa cha meza cha mikono, mukeka chini: ni vitu vyenye unapata ku soko ya Virunga ao Birere, na vinafuliwa. Sheria ni moja: usichanganye maua za aina tano ndani ya chumba kimoja. Chagua kitenge moja yenye rangi tatu, kiisha rangi zile tatu njo utumie kwa mito, kwa meza na kwa ukuta.

Na tusidharau vya kwetu. Wakuba wa Kasai wanafuma vitambaa vya rafia vyenye mistari na pembe za ajabu. Mufaransa Henri Matisse, mumoja wa wachoraji wakubwa wa karne ya 20, alitundika vitambaa vile vya Kongo ku ukuta wa fasi yake ya kazi na akavisoma wakati murefu. Upande wa Rwanda, kule Kibungo, wanawake wanatengeneza imigongo, michoro ya mavi ya ng'ombe yenye kupakwa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Kipande kimoja chenye kutundikwa fasi yake kinapendeza kuliko picha kumi za kalandrie ya miaka yenye kupita.

Maua yenye kuvumilia Goma

Goma iko karibu metre 1500 juu ya bahari. Haina joto kali, haina baridi kali. Maua ya ndani inapenda vile. Shida zetu ni mbili: udongo na maji.

Udongo wa Majengo ni jiwe. Basi utanunua mufuko yenye kuletwa na chukudu, kiisha uchanganye: sehemu mbili udongo, sehemu moja mbolea ya majani na maganda yenye kuoza, sehemu moja vijiwe vidogo vya volkano, vile vyepesi vyenye matundu. Vijiwe vile tuko navyo bure. Vinafanya maji ipite na mizizi ipumue. Vichanganye ndani ya udongo wote. Kuvipanga chini peke yake hakusaidie sana. Poti inaweza kuwa bido ya litre 5 yenye kukatwa ao so yenye kupasuka, lakini ipashwe kuwa na matundu chini.

Maua ya kuanzia ni hii:

- Sanseveria, ile ya majani marefu yenye kusimama sawa visu. Ni mutoto wa kwetu: pori zake zinaanzia Nigeria mupaka Kongo. Inavumilia giza na kusahauliwa. Maji mara moja kila wiki mbili ao tatu.
- Klorofitu, ya majani membamba yenye mustari nyeupe. Nayo ni ya Afrika. Inazaa vitoto vyenye kuning'inia. Unakata, unapanda, unapatia jirani.
- Aloe. Inaomba jua, basi iweke ku dirisha.
- Ua la Usambara, dogo, la zambarau. Muzungu Walter von Saint Paul alilitoa ku milima ya Tanganyika mwaka 1892 akatuma mbegu Ujeremani; leo liko madirisha ya dunia yote. Linapenda mwangaza bila jua kali, na majani yake isiloweshwe.

Kwa maji, ingiza kidole ndani ya udongo. Kama iko baridi na maji, ngojea. Maua mingi ya nyumba inakufa juu ya maji mingi, si juu ya kiu. Na kama bido ya maji imekuwa kazi kupata, maji yenye kusafisha muchele ao mboga inatosha. Maji ya sabuni, hapana. Kisahani cha chini ya poti ukimwange kila siku, kama si vile unalea mbu.

Wenye watoto wadogo waangalie: difenbakia na potosi, yenye kupanda ku ukuta, ziko na maji yenye kuunguza kinywa. Na mumea yenye kutoa maziwa nyeupe isikae fasi mutoto anafikia, juu ya macho.

Moshi na moto: maua haitoshe

Watu wengine wanasema maua inasafisha hewa ya nyumba. Neno lile lilitoka ku utafiti wa NASA ya Marekani wa 1989, wenye kufanywa ndani ya visanduku vyenye kufungwa. Mwaka 2019 wanasayansi walirudilia hesabu ya tafiti za namna ile, wakaona kama nyumba ya kweli ingeomba poti kumi ao zaidi kwa kila metre karé. Hakungebakia fasi ya kukaa.

Basi hakuna ua lenye kufukuza moshi wa makala. Mbabula yenye kuwaka ndani ya chumba chenye kufungwa inatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na inaua watu wakiwa usingizini. Mbabula ibakie inje ao ku mulango wazi, na usilale nayo hata kama baridi ni kali.

Tena, carto na magazeti yenye kubandikwa ku mbao ili kuzuia upepo vinawaka haraka. Kama uko nazo, zisifunike nsinga za umeme, na rido isifike karibu na mushumaa ao mbabula. Nyumba ya mbao inapendeza, lakini ikikamata moto inachukua na ya jirani.

Mupangaji na beyere

Watu wengi wa Majengo wanapanga. Mbele ya kupaka rangi, ongea na beyere, na muandike: nani analipa, kama pesa itakatwa ku nyumba ya mwezi, na kama bei haitapanda kiisha kazi. Karatasi moja, sini mbili, na nyumbakumi ao chefu wa avenii kuwa shahidi. Kuko wapangaji wenye walipendezesha nyumba, kiisha miezi mitatu wakaombwa bei mupya ao kutoka. Bila karatasi, mutu hana cha kuonyesha.

Uzuri wa kubeba

Sasa turudi ku ulizo la mwanzo. Ku Goma, jibu la akili ni kugawa pesa yako. Sehemu ndogo iende ku vitu vyenye vinabakia ku ukuta: rangi, jani la mwangaza. Sehemu kubwa iende ku vitu vyenye vinabebwa: rido, mukeka, kioo, kipande cha ukuta, mashuka. Maua inakatika kitawi kimoja kikatiwa ndani ya kitambaa yenye maji, na inaota fasi mupya. Sanseveria inaweza kukaa siku mingi ndani ya mufuko bila maji.

Na ku musumari wa karibu na mulango, kati ya mapambo yako, tundika sakoshi moja nzuri yenye karatasi za familia: kadi, vyeti vya watoto, karatasi ya nyumba. Ukichagua yenye kupendeza, hakuna mugeni atauliza juu ya nini iko pale. Wewe utajua.